Rufaa ya Mshereheshaji Aliyetembea Vizuri Mno

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Rufaa, Daktari wa Bodi, waheshimiwa wajumbe, makarani, na ndugu zangu mlioketi kwenye benchi la korido: nimewataja kwa vyeo, msigombee viti.

Mimi ni mshereheshaji wa harusi. Mguu mmoja nilizaliwa nao, mwingine ni wa bandia. Bodi imeandika kuwa sina ulemavu. Hivyo nimenyimwa nafuu ya kodi, na akaunti yangu ya akiba haitapata ule mchango ambao serikali huwawekea wenye ulemavu, na ambao ungeninunulia mguu mpya. Huu nilio nao umepasuka kifundoni. Siku ukinigomea jukwaani, kazi sina. Nalalamika kwa unyenyekevu:

1. Kwamba ofisi ya kuwapima wasiomudu ngazi iko ghorofa ya tatu, na lifti imegeuzwa stoo ya viti. Asiyefika huandikwa hakuhudhuria. Anayefika huandikwa mzima.

2. Kwamba Daktari aliniagiza nitembee "kama kawaida" mbele ya watu saba walionyamaza. Kwangu mimi, watu saba walionyamaza ni hadhira. Niliweka fimbo kando, nikazunguka meza kwa madaha, nikamkaribisha Mwenyekiti, nikaomba makofi. Mkapiga. Karani akasema, "Mzee, mbona uko fiti kuliko sisi?" Nami, badala ya kukana, nikainama kushukuru.

3. Kwamba makofi hayo yamekuwa ushahidi dhidi yangu. Mke wangu, aliyenisihi tangu asubuhi nisijishaue, aliniambia tukishuka: "Wewe bwana, ukiona watu tu, mguu unaota!"

4. Kwamba sheria haiyatambui majivuno kuwa ulemavu, ilhali yangu ni ya kudumu, hayana dawa, na yamenigharimu kuliko mguu. Naomba yaingizwe kwenye nafuu ya kodi mara moja.

Kwa hiyo natangaza azimio: sipandi tena. Bodi nzima ishuke leo. Mtanikuta getini kwa mlinzi, nimeketi, fimbo mkononi, sitabasamu. Nipimeni hapo.

Wasalimieni wote nyumbani, hata wasionijua.

Wenu katika kuchechemea,
Mshereheshaji

N.B. Tarishi amekataa kuipandisha barua hii, eti goti linamuuma. Nimeileta mwenyewe, ngazini nimemkuta Daktari, nikambebea mkoba. Ndugu wa benchi wakanipigia makofi. Nilipoinama kushukuru, kifundo kikakatika. Azimio limebadilika: msishuke. Niko sakafuni, mlangoni kwenu. Fungueni, mnipime, na tafadhali sana, asipige makofi mtu.