Mtumbwi wa Mtarakwa Waenda kwa Wakwe

5 Mei, Jumatatu

Malaba. Nimeamua! Naunda mtumbwi hapa hapa uani, wa vipande vyembamba vya mtarakwa vinavyogundishwa ubavu kwa ubavu. Nimeona kwenye simu. Mzungu mzee, mkono unamtetemeka, lakini mtumbwi wake! Nilisahau chai yangu ikapoa.

Sababu naiandika hapa tu. Mwaka jana Rukala ilifurika, na maji hayajaondoka hadi leo. Kwetu sisi Rukala ni kwa wakwe. Nikashuka vibaya kwenye boti ya shemeji Protus, mvuvi, nikaingia majini na suti. Mama mkwe akaniopoa. Akanibeba mgongoni! Mtu ambaye hata kumpa mkono naogopa. Protus alicheka hadi akakaa chini. Akasema watu wa Malaba tunajua malori tu.

Tarehe 24 ni misa ya ukumbusho wa baba mkwe. Nitafika kwa mtumbwi wangu, nimeketi wima, nguo kavu.

Mke wangu Nanjala anasema nipeleke pombe kama wakwe wengine. Nimemkumbusha nyungu ya marehemu mama yangu. Niliipeleka na pombe wakati wa mahari, na iko Rukala hadi leo. Chombo kikiingia kwa wakwe na pombe, hakirudi. Ndiyo desturi. Mimi Elungat siliwi mara mbili.

9 Mei, Ijumaa

Mtarakwa dukani haushikiki. Lakini ua wa kanisa letu ni nguzo za mtarakwa tupu, kuukuu, kavu, nyekundu ndani! Nikamwendea padri. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba nguzo zimeingiwa na mchwa, nami najitolea kuweka za mkaratusi kutoka shambani kwangu. Bure. Akanishukuru sana, akaniombea. Mchwa hawagusi mtarakwa, ila padri amekulia mjini.

Leo fundi mbao Oluka amezipasua kwa msumeno wake wa umeme. Harufu yake jamani! Uani kote kunanukia kama sanduku la bibi harusi. Nimejaza vumbi la mbao mfukoni ili niwe nalinusa dukani kwangu.

15 Mei, Alhamisi

Mtumbwi wa namna hii huundwa ukiwa kifudifudi, juu ya mbavu za plaiwudi. Madereva wanaongoja kuvuka mpaka wanachungulia. Mmoja amevua kofia: "Pole, boss. Marehemu alikuwa mrefu hivyo?" Kina mama wameanza kuleta sukari ya matanga. Nimepokea. Kukataa si adabu.

Leo nimeupindua, nikatoa mbavu, nikapiga msasa. Sijui niandike nini. Mistari myekundu na ya rangi ya asali imeandamana kutoka ncha hadi ncha, na hakuna mahali jicho linajikwaa. Oluka, ambaye husifu msumeno wake tu, alipitisha kiganja juu yake, akarudi akapitisha tena. Nanjala alikuja kunigombeza, akasahau alichojia. Nilitokwa na machozi. Nikasema ni vumbi.

Yule mzee wa kwenye simu huufunika kwa kitambaa cha faiba na gundi nzito, ndani na nje, maji yasipenye. Anasa za wazungu. Nimepaka vanishi.

20 Mei, Jumanne

Nimeujaza maji kuujaribu. Unavuja! Si mahali pamoja, kila mahali. Nililala kifudifudi kwenye nyasi.

Hapo akaja jirani yetu Amongin, mpishi wa ajono, pombe ya wimbi tunayokunywa kwa mirija mirefu. Akauzunguka mtumbwi akitikisa kichwa kwa mapenzi. Akasema maisha yake yote hajaona chombo kizuri hivi cha kuchachushia. Akasema, "Si unipatie nijaze wimbi? Nyungu yangu ilipasuka toka Krismasi, na haidondoki. Wimbi linaziba."

Nikaenda kuikagua nyungu. Kavu! Huyu mama ana kichwa, na mimi nina kichwa cha kumsikiliza. Jioni mtumbwi ulikuwa umejaa hadi ukingoni, na chini hakuna hata tone. Jumamosi asubuhi ataitoa pombe yake, nami nitaondoka na mtumbwi usiovuja. Bure kabisa!

24 Mei, Jumamosi

Amongin alichota ndoo mbili tu, na nyufa za juu zikaachia. Nikaona mwanga wa jua ndani ya mtumbwi wangu! Akakataa kuendelea. Kwa hiyo ukapakiwa kwenye lori la Kanta ulivyo, na pombe yake, Amongin kando yake ameshika birika la maji ya moto na mirija. Mpango mpya: kumwaga pombe ukingoni mwa maji, kurukia ndani, kufika upesi kabla haujakauka.

Lakini wakwe wote walikuwa wanatungoja barabarani, kwenye kanisa dogo. Nimwage pombe ya ukumbusho mbele ya ukoo mzima? Haiwezekani.

Wakaushusha. Halafu vigelegele. Protus akapiga magoti akaupapasa. "Shemeji, wacha uongo. Hii ni wewe umeunda?" Nimeingoja sentensi hiyo mwaka mzima. Baada ya misa wazee waliketi pande zote mbili, kila mmoja na mrija wake, wakisifu mbao na pombe kwa zamu.

Alasiri, pombe ilipokwisha, mama mkwe akasimama. Akashukuru. Akasema hakuna mkwe aliyewahi kumletea chombo kama hiki. Chombo! Ndipo nikakumbuka nyungu. Nanjala alikuwa ananitazama tayari.

Mama akausukuma majini, akasimama wima ndani, akashika pondo. Ana miaka sabini! Mtumbwi ukateleza kuelekea nyumbani kwake, mwekundu, bila kuyumba. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na mimi ndiye niliyekiunda! Fahari ikanipanda kichwani. Nikapiga kelele anisubiri, nikaruka.

Suti ile ile. Mgongo ule ule. Safari hii Protus hakucheka. Alikuwa anarekodi kwa simu.

25 Mei, Jumapili

Misa Malaba. Nimejifunza mengi. Kosa lilikuwa kuufanya mtumbwi mwembamba. Unaofuata utakuwa mpana, na Amongin ataujaza mapema zaidi, ili wimbi lishike vizuri kabla hatujaupakia kwenda Rukala.

Wakati wa mahubiri nimegundua kwamba viti vyetu vya kanisa ni mvule mtupu. Vipana! Vikavu! Havina hata fundo moja!

Nimemwona padri mlangoni, nikamweleza kuhusu mchwa. Amenishukuru tena.