Ombi la Kumrudisha Mume Wangu Kwenye Simu

Kwa Mwalimu wa Darasa la Biashara ya Sarafu Mtandaoni,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

Mheshimiwa Mwalimu,

YAH: KUREJESHEWA MUME WANGU KATIKA HALI ALIYOKUWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi kwenye kiti kisichoyumba. Sisi hapa hatujambo, ila kuketi ndiyo shida. Ukiona mwandiko wangu unalalia kushoto, usidhani sikusoma. Ni meza.

Mimi ni mke wa mwanafunzi wako wa miaka mitatu, yule wa kiti cha mbele ambaye wenzake humwita Profesa. Miezi miwili iliyopita ulimwona macho mekundu, ukamshauri aweke simu kando na kutafuta kazi ya mikono ya kujipumzisha: kupanda maua, kufuma, kuchonga, chochote kinachoshikika. Mwenzako alirudi nyumbani na randa na msumeno. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Maranda ya mbao. Yamo kwenye sukari, yamo kwenye viatu vya shule vya watoto, na juzi nilipochana nywele yalidondoka kichwani mwangu. Hili ni dogo, nimelitaja ili tuzoeane.

2. Hamalizi kitu. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba mambo yakianza kwenda mrama mtu atoke mapema, asing'ang'anie. Huko sokoni huenda ni busara. Kwenye stuli ni balaa. Akiona mguu wa tatu umepinda kidogo tu, anatoka. Tuna stuli tano zenye miguu miwili miwili, zimeegemea ukuta wa uani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Akipaka gundi huikodolea macho na daftari mkononi, anaandika kila baada ya dakika tano. Nilimwuliza anaangalia nini, akasema mwelekeo bado haujathibitika.

3. Mlango wa jikoni. Aliung'oa ili apate mbao za meza. Siku nne baadaye, majirani walipoanza kutusalimia tukiwa tunakaanga vitunguu, aliibomoa meza ili apate mlango. Sasa tuna nusu mlango na nusu meza. Hiyo nusu ya pili ndiyo ninayoandikia.

4. Anasikia. Hapa ndipo penye uchungu wangu. Kwa miaka mitatu mume wangu, macho kwenye simu, alinijibu kila jambo kwa maneno matatu: sawa mke wangu. Kwa maneno hayo matatu nimeiendesha nyumba hii bila kugombana na mtu. Niliwahamisha watoto shule. Niligawa makoti yake. Nilipaka sebule rangi ya waridi. Na kwa maneno hayo hayo nilimleta mama yangu mzazi aje kuishi nasi. Niliomba ruhusa kwa adabu, nimesimama mbele yake na kikombe cha chai. Akasema sawa. Mama yuko chumba cha nyuma, huu ni mwaka wa pili.

Jumanne iliyopita mume wangu aliinua kichwa kutoka kwenye msasa, akamwona mama akipita kwa tabu huku ameshika ukuta. Akamwamkia vizuri sana. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama amefika lini?"

Mwalimu, nilikosa pa kuuweka uso wangu. Nikamwambia juzi.

5. Futi kamba. Tangu siku hiyo anaingia chumba cha mama na futi kamba. Anapima ukuta, anapima kutoka kitandani hadi mlangoni, anaandika. Nikiuliza, ananiambia nisijali. Wiki hiyo hiyo alilalamika kwamba fundi asiye na karakana ni kama hana mikono. Mimi si mtoto, najua kuunganisha mambo. Mama ana miguu mibaya, na ndugu zangu wote wana sababu nzuri za kutomchukua. Hana pa kwenda. Hapa sifanyi mzaha, naogopa. Na siwezi kuomba ruhusa upya, maana safari hii atalisikia swali.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mwite darasani upesi, mwambie soko linatikisika na haliwezi kutulia bila yeye. Ikiwa ni lazima awe na kazi ya mikono, mpe isiyohitaji chumba. Kufuma kofia, kwa mfano, mtu anaweza kufumia chooni. Na kabla ya kuwazindua waume za watu, jizindue wewe kwanza, tuone mkeo atakuwa amemhamishia nani humo ndani.

Msalimie sana huyo mkeo. Wasalimie wanafunzi wote, hasa wale ambao bado hawajainua vichwa. Waambie wake zao wanafaidi.

Wako kwa unyenyekevu, nimeegemea ukuta,

Mke wa Profesa

Nyongeza: Nimeingia chumba cha mama kutafuta bahasha. Kuna ubao mwembamba umepigwa ukutani, kutoka kitandani hadi mlangoni, ukakata kona mpaka bafuni, umepigwa msasa hata hauna kibanzi. Ni wa mama kujishikilia. Nimening'inia juu yake kwa uzito wangu wote, na wewe hujaniona, haukutikisika. Mama anasema na yeye aliulizwa amefika lini. Akasema kweli, kwa kuwa mama hajui kudanganya. Anasema mkwewe alichomoa futi kamba, akamwomba anyooshe mkono aone unafika wapi. Mimi hajaniambia neno, na ile "juzi" yangu ya uongo anaijua.

Kwa hiyo hesabu kwamba barua hii haikuandikwa. Akija huko, mwambie darasa limejaa. Akitaka kujifunza kazi nyingine ya mikono, mruhusu yoyote isipokuwa kupaka rangi. Ile rangi ya waridi ya sebule bado hajaiona.