Kamati ya Maadili ya Chumba cha Cherehani

Bwana Asali alipomsikia mtafiti mgeni akisema hawezi kuhoji wajane bila barua ya kamati ya maadili ya mtaa, aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyetajiwa marehemu. Mtaa haukuwa na kamati. Haukuwa hata na taa.

"Ipo, dokta," alisema. "Wakali sana wale. Wana muhuri."

Ieleweke, kwa faida ya vizazi vijavyo, kwamba Asali aliishi kwa kuwatafutia watafiti watu wa kuhojiwa. Watafiti walitoa mche mzima wa sabuni kwa kila mhojiwa, kama shukrani; Asali alifikisha nusu. Nusu ya pili, alieleza kwa huzuni, hupotelea kwenye mfumo. Safari hii kulikuwa na kitu kinono zaidi: pikipiki ya mradi, nyekundu, kiti bado kina nailoni, ya kutumiwa na mratibu. Barua ikipatikana, mratibu ni yeye.

Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa na muhuri wa kuchonga na kamati ya watu watatu: kinyozi, fundi redio, na mwenyekiti, yaani shangazi yake mshona nguo, mjane, ambaye chumba chake cha cherehani ndicho pekee chenye viti vya kutosha.

"Kazi yenu ni kunyamaza, kutikisa kichwa na kugonga muhuri," aliwafundisha.

"Na miwani nivae?" aliuliza shangazi.

"Vaa, shangazi. Inakupa uzito."

Hapo ndipo alipojimaliza. Shangazi akivaa miwani, husoma.

Mtafiti alipofika na kuketi, mwenyekiti alikuwa ukurasa wa sita wa dodoso lililotangulizwa kwa kamati.

"Swali la kumi na nne. 'Eleza jinsi mumeo alivyofariki.' Hili nimeulizwa mara saba, mwanangu, na mara saba nimelia. Majibu yangu yalikwenda wapi?"

Asali alikohoa. "Mwenyekiti anatania, dokta..."

"Nyamaza, bado sijagonga muhuri."

Mtafiti aliiva uso. "Tuliandika ripoti, mama. Ziko... kwetu."

"Kwenu kuna wajane wa huku?" aliuliza kinyozi, ambaye madaraka yalishaanza kumnogea.

Fundi redio naye hakutaka kupitwa. "Hapa mmeandika mhojiwa yuko huru kuacha. Akiacha katikati, sabuni anapata?"

"Anapata. Mche mzima, hata akiacha swali la kwanza."

Shangazi alivua miwani taratibu.

"Mzima? Asali, mwanangu, miaka mitatu naoga nusu nusu."

"Shangazi, mfumo..."

"Huo mfumo nimeshauona. Umevaa shati nililolishona mimi."

Kamati ilijitenga nyuma ya pazia la kupimia nguo. Waliporudi, shangazi alisoma uamuzi akiwa amesimama. Swali la kumi na nne lifutwe. Ripoti irudi isomwe humu chumbani, kwa lugha yetu. Kila mjane atembelewe baada ya mahojiano, kuona kama yuko salama, na kazi hiyo ataifanya mwanakamati, kwa pikipiki ya mradi. Dalali aondolewe.

"Nakubali yote," alisema mtafiti, macho yakimng'aa. "Nimepitia kamati nyingi. Hii ndiyo ya kwanza iliyosoma."

Asali alifungua kinywa aseme kamati ni feki. Akakumbuka aliyeitengeneza. Akakifunga.

Muhuri ukagongwa, meza ikatikisika.

Wiki iliyofuata mtafiti aliongeza kipengele kuhusu madalali wa utafiti, na mhojiwa wa kwanza akawa Asali. Alijibu maswali arobaini. Mwishoni shangazi alitoa mche wa sabuni chini ya cherehani, akaukata katikati kwa kisu, akamkabidhi kipande.

"Shangazi! Na nusu ya pili?"

Shangazi alikuwa anafunga kofia ya pikipiki.

"Imepotelea kwenye mfumo," alisema, akapanda nyuma ya kinyozi.