Kiti Kitupu cha Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wetu wa masjala anastaafu mwisho wa mwezi! Miaka kumi na mmoja nimempangia majalada, na sasa cheo kinabaki wazi. Mkurugenzi atamtangaza mrithi Jumatatu ijayo. Tuko wawili: mimi, na yule jamaa wa meza ya dirishani, Kalamu Tatu, anayetembea na kalamu tatu mfukoni na hata moja haiandiki. Sina wasiwasi naye hata kidogo.

Mama wa chai wa ofisini kaninong'oneza siri. Mke wa Mkurugenzi anaigiza kwenye tamthilia, katika ukumbi mdogo nyuma ya duka la vitabu, kuanzia Alhamisi. Kalamu Tatu amekata tiketi ya Ijumaa. Mimi nimekata ya Alhamisi. Atakuta nimeshamaliza kazi! Mpango: kukaa mbele kabisa, kulia kuliko watu wote, na kuhakikisha Mkurugenzi ananiona.

Mke wangu akaniuliza tangu lini napenda michezo ya kuigiza. Nikamwambia tangu tumboni mwa mama. Akasema haya, akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi ya machozi. Chumbani, kioo, kitunguu. Jicho la kulia linatii, la kushoto lina kiburi. Nikiwa katikati ya kwikwi, mama mkwe akafungua mlango bila hodi, akadhani kuna msiba, akaangua kilio. Dakika kumi baadaye sebule imejaa majirani wanaotaka kujua amekufa nani. Nikasema hakuna. Hawakufurahi. Lakini mazoezi yamefana.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya siku!

Nilichelewa kidogo kwa sababu ya tai. Mlango wa mbele umefungwa. Nikazunguka, nikapata wa ubavuni. Ndani giza. Ukumbi wenyewe sawa na darasa, hakuna jukwaa la kupanda, sakafu ni hiyo hiyo moja. Katikati, chini ya taa, meza. Wanawake wawili wanashona vifungo kimya kimya, na kando yao kiti kimoja kitupu. Mmoja wao ni mke wa Mkurugenzi! Hakuna anayesema neno. Nikajua bado hawajaanza. Bahati iliyoje! Nikakaa, nikamwamkia shikamoo mama, nikaomba radhi kwa kuchelewa.

Akanitazama. Midomo ikamcheza. Mwenzake akanimiminia chai. Ilikuwa maji ya rangi tu, lakini nikanywa yote, adabu ni adabu. Ndipo nikasikia mtu akikohoa gizani. Nikageuka. Safu tatu za watu! Mkurugenzi katikati, mdomo wazi.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilikaa. Dakika arobaini! Mke wa Mkurugenzi akaweka mkono wake juu ya wangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba wamenisubiri sana. Miaka kumi na mmoja naingia masjala asubuhi na hakuna anayeinua hata kichwa. Hapa nilikuwa nimesubiriwa. Nikalia kweli, kwa macho yote mawili.

Makofi! Watu wamesimama! Baadaye nikamkuta mwongozaji kwenye ngazi za nje, kichwa mikononi. Akanieleza hadithi yenyewe. Dada wawili wanamsubiri kaka yao aliyepotea miaka ishirini. Wanamwekea kiti kila siku, na haji. Tamthilia nzima, akasema, ni kwamba haji. Ameiandika kwa miaka sita. Nikamwambia asijali tena, kaka amefika. Akakirudisha kichwa mikononi. Nadhani furaha ilimzidi.

Mkurugenzi akaniuliza nafanya kazi wapi. Nikasema, kwako, mzee. Akasema hatanisahau. Cheo nimekipata!

Ijumaa, 7 Machi

Nilirudi, maana waigizaji tunategemeana. Mlango wa ubavuni una kufuli na mlinzi. Mlinzi akasema ameagizwa kumzuia mtu mwenye tai kama yangu. Nikamwambia watu wenye tai kama hii ni wengi. Akakubali, akanizuia mimi hata hivyo. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Kalamu Tatu yuko safu ya pili, amelala fofofo! Kwisha habari yake.

Jumatatu, 10 Machi

Cheo kimekwenda kwa Kalamu Tatu. Dhuluma! Mkurugenzi anasema mke wake alimwona Ijumaa: saa nzima hakujitikisa wala kukohoa, alifumba macho na kusikiliza, mtu pekee aliyeuheshimu ukimya wa mchezo. Masjala inahitaji mtu wa namna hiyo. Mimi nimehamishiwa mapokezi, kwa kuwa nimeonyesha kwamba siogopi kukaa na watu nisiowajua.

Niliumia. Mke wangu akanikalia karibu, akaniuliza kwa upole kama angalau nimejifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza sana. Kosa langu lilikuwa moja tu: niliingia pale bila maneno ya kutosha.

Na sasa mama wa chai ananiambia kikundi kinaandaa tamthilia mpya mwezi ujao. Mhusika ni mmoja tu, mjane, yuko peke yake nyumbani mwanzo hadi mwisho, hana hata mtu wa kuzungumza naye. Atakayemwigiza ni mke wa Mkurugenzi, maskini! Nimeshaanza kuandika maneno ya marehemu.