Mlima Kichwa Chini

Jumatatu, 14 Julai
Nimepata njia ya kumshinda Irine! Mwalimu Irine wa baiolojia ana projekta, ana video ya moyo unaodunda, na wanafunzi wanampenda. Mimi wa fizikia nina chaki. Ijumaa anakuja mthibiti ubora wa shule kuchagua mmoja wetu akawafundishe walimu wenzetu wa sayansi kwenye semina ya Kijenge. Awe Irine? Thubutu!

Nimemkumbuka Mwalimu Anyesi, aliyenifundisha darasa la sita hapa hapa Ngaramtoni. Alichukua boksi la sabuni, akatoboa tundu kwa sindano, upande wa pili akabandika karatasi iliyopakwa mafuta. Nikachungulia. Mlima Meru umepinduka, kilele chini, mashamba juu! Siku ile ndipo nilipotaka kuwa mwalimu. Harufu ya karatasi ile ninayo puani hadi leo.

Lakini boksi ni dogo. Nitageuza darasa zima kuwa boksi!

Jumatano, 16 Julai
Nimeziba madirisha ya Kidato cha Pili kwa nailoni nyeusi na magunia. Ukutani nimetundika shuka jeupe la mke wangu Nice, ambaye hajui. Dirishani nikaacha tundu kama mdomo wa kikombe. Picha ikatoka kama uji uliomwagika. Irine akapita, akasema tundu likiwa kubwa picha huvurugika, nilipunguze liwe kama ncha ya kidole, na tusubiri macho yazoee giza. Nikamwambia ashughulike na mioyo yake.

Alipoondoka nikalipunguza. Picha safi! Wazo langu mwenyewe.

Alhamisi, 17 Julai
Nimekwenda kumwalika Mwalimu Anyesi aje ashuhudie. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba, kisha akauliza kama bado natafuna kalamu. Akanipakulia loshoro, mtindi umejaa mahindi. Zamani alikuwa mrefu kuliko mlango wa darasa. Leo ananifika begani. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikutaka kuongea na mtu.

Ijumaa, 18 Julai
Wingu! Uani jua linawaka, lakini Meru yote imejifunika kama mgonjwa wa malaria. Mthibiti ameshakaa. Mwalimu Anyesi ameshakaa. Wanafunzi hamsini gizani, wanakohoa. Kwenye shuka pakaanza kuonekana jiko la shule, kichwa chini. Halafu mtu mnene, kichwa chini, anafunua sufuria ya chakula cha mgeni.

“Mwalimu, ni Mkuu!” Silantoi wa dawati la mbele akapiga kelele. “Anakula nyama!”

Darasa likaangua kicheko. Mthibiti akauliza kwa nini Mkuu amepinduka. Nikapapasa gizani nikitafuta chaki. Miaka kumi na tisa nafundisha mwanga! Irine akamwita Silantoi taratibu, akamwambia afuate mwanga kwa kidole, kutoka kichwani kwa Mkuu kule jikoni hadi kwenye tundu, kisha aendelee bila kupinda. Mtoto akashusha kidole, kikagota sehemu ya chini ya shuka.

“Kumbe! Wa juu lazima uishie chini!”

Aaaa, likasema darasa zima. Ile aaaa naijua. Nilishawahi kuisema mimi. Nikashukuru kwamba kulikuwa na giza.

Mkuu wa shule, Mzee Reginald, akaingia akijifuta midomo, akauliza tunacheka nini. Darasa likaangua upya.

Irine amechaguliwa. Mimi nitambebea nailoni.

Nilipomsindikiza Mwalimu Anyesi hadi barabarani alikuwa bado anafuta machozi ya kucheka. Akasema hata siku ile ya boksi mlima ulifunikwa. Nilichokiona mimi ni ng'ombe wa Mzee Lemomo, jirani.

“Ng'ombe, mama?”

“Ng'ombe, mwanangu. Ukashangilia wiki nzima.”

Jumapili, 20 Julai
Nimetafakari ibada nzima. Jibu ni rahisi. Mwalimu Anyesi amezeeka, anasahau. Ulikuwa mlima.

Na kosa la Ijumaa lilikuwa moja tu: nilifikiri kidogo. Picha ya ukutani ni mambo ya watoto. Kijenge nitawaonyesha roketi! Chupa ya soda, maji nusu, pampu ya baiskeli. Irine haambiwi. Nitaijaribu leo jioni nyuma ya kanisa, kwaya ikiwa ndani inafanya mazoezi. Madirisha yao yako wazi, lakini roketi inakwenda juu tu.