Kilomita Tano Kamili za Saa Yangu

Usahihi, mabibi na mabwana, ni ukaribu uliopo baina ya kilichopimwa na kilichopo. Si wingi wa tarakimu, si bei ya chombo, wala si cheo cha mpimaji, ingawa cheo changu nitakitaja. Nimeitanguliza fasili hii ili ikae vichwani mwenu wakati itifaki ikiendelea. Na sasa itifaki yenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kaunti ndogo ya Kyondo. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye leo anamwakilisha Mwenyekiti niliyekwisha kumtaja. Mheshimiwa Katibu, anayemwakilisha Makamu mpaka atakapofika. Masheikh wetu, mapadri wetu. Wafanyabiashara mliopanda kutoka Bwera kwa miguu, na wale mliopanda kwa pikipiki mkaishia kwa miguu. Wakulima wa kahawa. Chama cha Wabeba Machela chini ya Mzee Ezironi. Mimi Tefiro Kyomuhendo, Mratibu Mkuu wa Programu Jumuishi ya Upimaji wa Umbali wa Huduma katika Maeneo ya Miinuko, nasimama mbele yenu mwaka huu wa elfu mbili na kumi na nane nikiwa na furaha, nikiwa na data, na nikiwa na hii. (Anainua mkono wa kushoto. Saa inameremeta. Vigelegele.)

Kwa mujibu wa mwongozo wa Programu, kijiji kilicho zaidi ya kilomita tano kutoka kituo cha afya kinastahili chumba chake cha kujifungulia. Ndiyo maana Mama Mbambu, ambaye ujauzito wake umefika wiki ya thelathini na tisa, ameketishwa mstari wa mbele, na ndiyo maana nyuma yangu kuna kitu kilichofunikwa kwa shuka nyeupe, ambacho naomba kisiguswe na mtu. (Vigelegele virefu. Mbambu anapunga mkono.)

Saa hii husikiliza setilaiti zisizopungua nne na kujua iliposimama. Tuliivaa siku tatu mfululizo, tukateremka nayo kutoka kijijini hapa hadi kituo cha afya cha bondeni, njia ile ile, mguu kwa mguu, pamoja na stekholda wote waliokuwa na viatu. (Kicheko.)

Siku ya kwanza, kwa kuzingatia matumizi bora ya rasilimali, niliielekeza saa ibane betri, nayo ikawa inaandika tulipo mara moja tu kila dakika mbili. Njia yenye kona sitini na tatu ikanyooshwa kama fimbo. Kilomita nne nukta moja. Siku ya pili nikairuhusu iandike kila sekunde. Lakini chini ya genge mawimbi ya setilaiti hugonga mwamba kwanza ndipo yafike mkononi, yakiwa yamechelewa, na saa ikishacheleweshewa habari hudhani umehama. Sisi tulikaa saa nzima tukila muhogo. Yenyewe ilikuwa inatembea. Kilomita nane nukta tatu.

(Jean-de-Dieu, mfanyabiashara wa samaki kutoka Butembo, anasimama: “Chef, mi niliona ile karte ya njia yenu! Saa yako ilivuka frontière, ikaingia Congo bila karatasi!”)

Ni kweli, Bwana Jean-de-Dieu, iliingia Kongo kwa dakika nne. Ilirudi kwa hiari yake. (Kicheko kikubwa.) Siku ya tatu tulipofika korongoni, ambako mbingu huonekana kama utepe, saa ikapoteza setilaiti mwanzoni, ikazipata mwishoni, na katikati ikajikatia njia ndani ya mwamba. Kilomita mbili nukta sita. Kuhusu mwinuko, ilitamka kwamba tuko chini kuliko wakata chumvi wa ziwa la Katwe, kule bondeni, ilhali mawingu yalikuwa chini ya miguu yetu.

Tukajumlisha, tukagawa kwa tatu. Wastani, mabibi na mabwana, ni kilomita tano kamili. Mwongozo unasema zaidi ya tano. Tano si zaidi ya tano. Kwa hiyo kijiji hiki kimefaulu kutokuwa mbali, na nawapongeza. (Anapiga makofi peke yake. Manung'uniko.)

(Mzee Ezironi: “Afande, ile saa haijabeba mutu. Sisi nabeba. Mama akiwa kwa machela, kila hatua mia mbili naita: bega! Wote nabadilisha. Kutoka hapa mupaka kituo naita mara makumi ine na moja. Miaka kumi na tisa, haijakuwa makumi ine, haijakuwa makumi ine na mbili.” Sauti ya mama mmoja: “Na hiyo bega haiishi betri!”)

Utulivu tafadhali. Bega, Mzee Ezironi, si chombo kilichoidhinishwa. Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu, siwezi kuziacha zikining'inia hewani. Miito arobaini na moja haitoi vipande arobaini na kimoja, bali arobaini na viwili, maana baada ya mwito wa mwisho bado mnatembea. Wengi hukosea hapo. Vipande arobaini na viwili mara hatua mia mbili ni hatua elfu nane na mia nne. Hatua ya mbeba machela mteremkoni ni sentimita sabini. Niliipima mwenyewe siku ya kwanza. Hivyo tunapata mita elfu tano, mia nane na... themanini. Kilomita tano nukta nane nane. (Anaitazama saa. Anaivua.) Mnastahili!

(Vigelegele, ngoma, vumbi. Ezironi anabebwa kwenye machela yake mwenyewe. Mbambu anacheza akiwa ameketi.)

Nasema tena, mnastahili, kwa ziada ya mita mia nane na themanini! Nikisema umbali, semeni upimwe! Umbali! (“Upimwe!”) Bega! (“Juu!”) Saa! (“Iteremke!”)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mtalii aliyeanzia Bugoye kupanda mlima, ambaye saa hii ni yake na ataidai Ijumaa. Nawashukuru walioniazima shuka, na hata ninyi mnaoifunua bila ruhusa. Ndiyo, ni viti viwili vya plastiki, ni vyangu vya akiba. Namshukuru mfadhili, ambaye nitamwandikia mara tu nitakapompata. Namshukuru mwandishi wa mwongozo, ambaye ni mimi, jana. (Ngoma inakatika.)

(Mbambu anainuka, ameshika kiuno: “Mzee Ezironi, shuka kwa hiyo machela, nipande mimi. Hii mutoto haingoji hotuba. Na wewe, Mheshimiwa, ile chumba tumeshinda, kutoka kwa mulango yangu ni mabega ngapi?” Wabebaji wanainua. Kutoka mteremkoni sauti inaita: “Bega!”)

Swali zuri. Nilisema usahihi ni ukaribu wa kilichopimwa na kilichopo. Sasa, mabibi na mabwana mliobaki: pale ambapo kilichopo hakipo, kama hicho chumba, saa itakosea kwa kilomita ngapi?