Shangazi wa Chumba Namba Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Barua imepenyezwa chini ya mlango. Bahasha ya kaki, mhuri wa ofisi ya nyumba. Sikuifungua. Kwanza niliimulika kwa taa, ndipo nikaichana.

Sheria mpya ya upangaji! Kila mwenye nyumba asajili vyumba, ampe mpangaji mkataba wa maandishi, akaguliwe nyaya, choo na paa. Mwisho Ijumaa. Asiyejisajili haruhusiwi kupangisha mwaka mzima. Mwaka mzima! Tangu nistaafu, vyumba vile viwili vya uani ndivyo vinavyotulisha.

Mke wangu anasema fomu ni ukurasa mmoja, tena ya bure, nijaze yaishe. Ya bure! Hapo ndipo niliposhtuka. Ofisi iliyonizungusha miezi minane kwa ajili ya mita ya maji, leo inagawa fomu bure? Hapa kuna kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeisoma sheria mara tatu, kwa miwani na bila miwani. Nimepata upenyo! Kifungu cha tisa: nyumba inayokaliwa na ndugu wa familia haihitaji mkataba wala ukaguzi. Unajaza fomu ya kijani, basi.

Kwa hiyo kuanzia leo sina wapangaji. Nina ndugu. Muuguzi wa namba mbili, mama wa makamo mwenye sauti ya kunyamazisha wodi nzima, nimemwandika shangazi. Fundi simu wa namba tatu ana miaka ishirini na sita. Nilitaka awe mpwa wangu, lakini mpwa lazima awe na mama, na dada yangu wa pekee anafanya kazi ofisi hiyohiyo ya nyumba. Nikamwandika baba mdogo. Marehemu babu alizaa mpaka uzeeni, nani atambishia?

Nimewaita, nimewaeleza. Fundi simu akaanza tena habari za soketi yake inayotoa cheche. Muuguzi akauliza shangazi ana mamlaka gani. Nikasema hana lolote, ni maandishi tu. Wakatazamana. Sikupenda walivyotazamana.

Alhamisi, 6 Machi

Afisa wa nyumba kaja. Binti mpole, faili kwapani. Wapole ndio wa kuwachunga.

Akamuuliza muuguzi ananifahamu tangu lini. Muuguzi akajibu ananifahamu tangu naogeshwa kwenye beseni, na kwamba nilikojoa kitandani mpaka nilipofika miaka tisa. Afisa akacheka, akaandika. Akaandika! Habari ile ni ya kweli. Kaipata wapi? Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa anakagua dari.

Kisha afisa akageuza fomu ya kijani. Kumbe ina upande wa nyuma! Nyumba ya familia huamuliwa na kikao cha wakubwa: nani akae chumba gani, nini kitengenezwe, nani atie saini. Wakubwa ni nani? Baba mdogo na shangazi. Mimi nimewekwa kwenye safu ya watoto. Nina miaka sitini na mbili! Mhuri ukagongwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao cha kwanza cha familia, sebuleni kwangu, kwenye viti vyangu. Katibu: mke wangu! Eti alichaguliwa kwa kauli moja.

Wameamua nyaya zibadilishwe na paa la bafu lizibwe. Baba mdogo ahamie chumba cha mbele, tunacholala sisi, kwa heshima ya ukubwa wake. Mimi na mke wangu twende namba tatu. Nikasimama kupinga. Shangazi akaniambia nikae chini, wakubwa wanaongea. Nikakaa!

Inaniuma sana. Nyumba hii nimeijenga kwa jasho langu, tofali moja moja.

Mke wangu anasema ofisi inafungwa saa kumi, niwahi nikaseme ukweli, nichukue fomu ile nyingine, niandikishe mikataba. Afisa kamwambia hakuna adhabu kwa anayejirekebisha leo. Afisa kamwambia! Tangu lini hawa wawili wanaongea? Siendi. Huo ni mtego.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa chumba namba tatu. Soketi inatoa cheche kweli. Baba mdogo anapiga miluzi kule mbele.

Lakini akili yangu haijalala. Shangazi anamnyamazia nani? Mama yake! Wakubwa hawa wanachohitaji ni mkubwa wao. Na fomu ya kijani inaruhusu kuongeza ndugu aliyesahaulika, hata baada ya Ijumaa.

Nimempata: bibi anayeuza mkaa pale kona. Mwembamba, mkimya, anatembelea mkongojo. Nimemweleza kwamba nahitaji bibi. Akakubali kabla sijamaliza. Hakudai chochote. Aliuliza tu vyumba viko vingapi, kipi kina dirisha kubwa, na kama wajukuu zake hapa ni watiifu. Nikamhakikishia kwamba mimi ni mtiifu kupindukia.

Mke wangu kajifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Wivu.

Kesho asubuhi nampeleka bibi ofisini. Kitanda chake amekwishakileta leo, na magunia kumi na mawili ya mkaa. Ana bidii mno! Hatimaye nimepata ndugu wa kumwamini.